Jumanne Mbili

Ndoo moja shilingi hamsini.
Naandika kwenye daftari, kalamu imefungwa kwa uzi
kwenye nondo ya dirisha la kioski, hapa Kigwe,
bomba likikohoa kabla ya kutema.

Hezroni ameandika kutoka melini.
Wameondoka Yokohama, wanakwenda Vankuva,
siku kumi na nne, maji mbele, maji nyuma,
ukungu, na baridi ya kumsahaulisha mtu masikio yake.
Yeye hayaoni maji. Yuko chini, chumba cha dobi,
anapiga pasi vitambaa vya meza, mia nane kwa zamu,
na vingine anavikunja viwe bata, shingo juu,
wageni wavikunjue, wafutie midomo.

Anasema: dada, juu ya meli kuna bwawa la kuogelea.
Nikamwuliza: juu ya bahari?
Juu ya bahari. Na maji yake yamepashwa moto.
Meli ikiyumba, bwawa nalo linayumba
kama uji kwenye sufuria iliyobebwa na mtoto.
Kuna na mwanamume mwenye tai
ambaye kazi yake ni kumshauri mgeni anywe maji gani.
Yapo ya aina kumi na moja.

Nilicheka hadi Mama Mbeleje akatua ndoo.
"Mwambie," akasema, "sisi tunazo aina mbili:
yametoka, na hayajatoka."

Bahari yenyewe aliionja bandarini, kwa kidole.
Chumvi yake, anasema, ni ile ile
ya kisima cha nyuma ya shule,
tulichokinywa huku tumefumba macho.

Kila usiku nahodha hutangaza: sogezeni saa mbele.
Wazee matajiri husogeza, wakilalamikia usingizi.
Hezroni ana saa mbili, ya meli ukutani
na ya baba mkononi, kioo kimepasuka,
hiyo haigusi.
"Hii," anasema, "inakaa Kigwe."

Baba akafa Jumanne, saa kumi alfajiri.
Nilipiga, simu haikuingia.
Nilituma ujumbe, ukakaa na tiki moja ya kijivu
mchana kutwa, usiku kucha.
Jibu likaja Jumatano, tumetoka kuzika,
udongo mwekundu bado uko kwenye kucha:

*Dada, nimeupata. Tumevuka ule mstari wa tarehe.
Nahodha ametangaza kwamba leo ni jana.
Jumanne iliisha usiku, tukaamkia Jumanne.
Wageni wamepewa vyeti na mvinyo.
Niambie, baba amefariki Jumanne ipi?*

Sikumjibu upesi. Nilihesabu kwa vidole,
nikakosea, nikahesabu kwa punje za mtama.
Alipokata roho, kwako ulikuwa mchana,
ulikuwa unakunja bata.
Tulipomshusha, saa nne asubuhi,
nilipodhani siku ile imepita walau kwa mmoja wetu,
kwako ilikuwa bado Jumanne.

Mimi wala nisingeitaka hiyo.
Ningeomba Jumatatu mbili.
Jumatatu alikaa mlangoni, mkono kidevuni,
akaniomba nimnyoe ndevu.
Nilikuwa nimechoka, miguu imelowa toka asubuhi.
Nikamwambia kesho.

Nikamwandikia: ya kwanza.
Hii ya pili ni yako, kaa nayo.
Akatuma herufi moja tu, sijui kidole kiliteleza,
halafu mtandao ukakatika.

Daftari linasema:
Jumatatu, ndoo mia na sita.
Jumanne, ndoo arobaini na mbili, msiba, bure.
Kisha ukurasa mweupe.
Kisha Jumatano, ndoo saba, za kuchanganyia saruji.

Mkaguzi wa kamati ya maji atakuja mwisho wa mwezi,
na miwani yake, na ulimi wa kulowesha kidole.
Atauliza huu mweupe umeachwa wa nini.
Nitamwambia karatasi zilishikana.
Nitamwambia ni maji.